Nikeli ya Nanomita Nane

Jumatatu, 4 Februari 2019
Leo nimeibonyeza nikeli mpya kwa sindano ya almasi, kupima ugumu wake. Punje zake, zile chembe zinazoijenga metali, zina nanomita nane — upana wa unywele mmoja unameza punje elfu kumi. Miaka thelathini Profesa Szendrey anafundisha: punje zikizidi udogo, metali inazidi ugumu. Hii imelegea! Laini kuliko ile ya nanomita ishirini. Nimerudia mara kumi na mbili. Vilevile.

Jumanne, 5 Februari
Profesa katazama grafu, kacheka. Eti sampuli chafu, nimeanza mambo ya Zalán.
Zalán Bíró. Tulisomea shahada ya uzamivu pamoja hapahapa Budapest. Miaka mitatu iliyopita alipata matokeo kama haya, akaambiwa ameyapika. Kamati ya uchunguzi ya chuo ikaniuliza kama niliwahi kumwona akiharibu sampuli. Nikasema ndiyo. Sikuwahi. Nafasi ya kazi ilikuwa moja, nikaitaka mimi. Akafukuzwa.

Alhamisi, 7 Februari
Nimezitoa sampuli zake kabatini. Safi kabisa. Nimezibonyeza zote — chini ya nanomita kumi, zinalegea. Punje zikiwa ndogo mno zinaanza kuteleza moja juu ya nyingine. Aliieleza kamati hivyohivyo, nami nilikuwa nimekaa pale!
Nimejifungia chooni nikalia.

Ijumaa, 8 Februari
Nimemwambia Profesa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.
"Emőke, mwanangu, futa kwenye grafu hizo nukta tatu za chini ya nanomita kumi, makala itoke. Ukimsafisha yeye, utajichafua wewe."
Kweli tupu. Ndiyo inayouma.

Jumamosi, 9 Februari
Treni ya asubuhi hadi Miskolc, kwao Zalán. Mama yake Zalán kafungua mlango, mikono imejaa unga. Alinitambua palepale. Nikaropoka: Zalán alikuwa sahihi, nimepima mwenyewe, ninazo grafu —
Akanikatiza. "Grafu zako weka. Mwanangu yuko chumbani, miezi minne sasa hatoki. Nenda kamwambie ulisema uongo. Anza na hilo."
Nikagonga mlango wa chumba chake.
"Nani?"
Nikataja jina langu.
Nikasema. Yote, nikiongea na mbao za mlango.
Robo saa sasa tangu nimalize, mlango haujafunguka. Nimeketi sakafuni kwenye korido, naandika haya. Mama yake amesimama jikoni, hapiki tena, anasikiliza.
Ndani kuna kitu kizito kinaburutwa. Sijui anaondoa kilichozuia mlango, au anaongeza —