Jina la Haji Limekatwa

Jumanne, 14 Mei 1957

Nimeshona tangu alfajiri. Kanzu tatu, kola mbili zimekataa kukaa. Saa nne nikaacha cherehani, nikatoka Mlandege, nikavuka Darajani hadi Vuga. Wamebandika daftari la wapiga kura ukutani mwa ofisi ya serikali.

Jina la mume wangu lipo. Haji bin Makame, mchoma chokaa. Limekatwa kwa wino mwekundu. Sababu haikuandikwa.

Nilisimama pale juani mpaka buibui likanata mgongoni. Sisi wanawake hawatuandiki. Basi nilijiambia kura ya Haji itakuwa yangu pia. Msahafu anausoma vizuri, lakini kalamu hakuwahi kuishika. Miezi mitatu nimemfundisha kusoma herufi na kuandika jina lake, kwenye meza hii hii ya kushonea. Ile H yake ina mkia kwa sababu yangu ina mkia.

Karani anaitwa Nassor, mtu mzima, mvi zimeanza. Nikamwomba anionyeshe fomu ya Haji ya kujiandikisha. Kaniangalia, kisha kaangalia dirishani. Kasema niandike barua.

Jumatano, 15 Mei

Barua nimeandika. Nimeipeleka. Miguu inauma.

Alhamisi, 16 Mei

Haji karudi kutoka Fumba. Kila Jumatatu alfajiri huenda kule kwenye tanuu la chokaa, Alhamisi magharibi hurudi. Miaka minne sasa. Nikamwambia habari ya wino mwekundu. Kaosha miguu muda mrefu kuliko kawaida. Kisha kasema, "Achana nayo, Zuwena. Kura moja tu hiyo."

Moja tu. Miezi mitatu ya kusugua wino kwenye kitambaa cha meza, halafu moja tu. Nimekasirika.

Shati lake lina mikunjo ya pasi. Sijui tanuuni wanapata wapi pasi. Nimechoka hata kuuliza.

Jumanne, 21 Mei

Vuga tena. Nassor anasema barua haionekani. Nikamwambia nliiweka mkononi mwake. Kasema labda imechanganyika na nyingine. Nikaandika ya pili pale pale, nimesimama, karatasi nimeiegemeza ukutani.

Njiani nikakutana na jirani yangu, Bi Mwanakheri, na kikapu cha samaki. Ati, "Bi Zuwena, kwani ndiye weye unayegombea?" Akacheka peke yake.

Jumatatu, 27 Mei

Mara ya nne. Leo naambiwa ufunguo wa kabati la fomu anao bwana mkubwa, na bwana mkubwa yuko Pemba. Nikauliza atarudi lini. Nassor kasema Mungu akipenda.

Namchukia mtu huyu. Naandika hapa kwa kuwa sina pa kulisema. Hana ukali wala ujeuri, anaongea kwa upole, ananiletea kiti. Afadhali angenifokea nikajua moja.

Lazima kuna aliyelipinga jina lile. Nani kamwekea Haji pingamizi? Nimefikiria watu wote wa mtaa. Nimemdhania muuza mafuta, nimemdhania imamu, nimemdhania hata Mwanakheri. Najionea aibu.

Alhamisi, 30 Mei

Nikamwomba Haji twende pamoja Jumamosi. Kasema ana mzigo wa chokaa wa kupeleka Malindi. Nikamwambia mzigo ungoje. Kala nusu ya chakula, kalala mapema.

Muoga. Nimeolewa na muoga.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshaona. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Nilifika saa tatu. Nassor akaanza habari ya ufunguo. Nikamwacha aongee, nikawa nasoma tangazo la ukutani nyuma yake, lile la herufi ndogo ambalo hakuna anayelisoma. Limeandikwa kwamba mtu yeyote ana ruhusa ya kuziona fomu, saa za kazi, bila kutoa sababu. Nikalisoma kwa sauti. Watu kwenye foleni wakageuka.

Nassor akafungua kabati. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake siku zote.

Kaniita chumba cha ndani, kafunga mlango nusu. Kasema, "Mama, mie nlitaka kukusitiri tu." Kisha kaweka fomu mbili mezani.

Ya kwanza naijua, niliijaza mimi. Haji bin Makame, Mlandege. Ya pili, Haji bin Makame, mchoma chokaa, Fumba. Anakaa kwa mkewe, Asha binti Vuai.

Hakuna aliyemwekea pingamizi. Kajiandikisha mara mbili, sheria inakataa, wamemkata kote kuwili.

Zote mbili zina sahihi. Zote mbili zina ile H yenye mkia.

Nassor kasema anaweza kurudishwa. Aandike barua kabla mwezi huu haujaisha, aseme anakaa wapi. Nyumba moja tu. Nikamshukuru. Nimemtukana mtu yule wiki tatu moyoni, na alichokuwa anaficha ni fedheha yangu.

Sikumbuki nilipitia njia gani kurudi.

Alhamisi, 6 Juni

Haji kaingia, kakuta cherehani imefunikwa. Akajua.

Hakukana. Hilo namsifia. Miaka minne, kasema, tangu tanuu lilipoanza. Aliogopa kuniambia wiki ya kwanza, na kila wiki iliyofuata ikawa ngumu zaidi. Nikamuuliza sasa kujiandikisha mara mbili alikuwa na akili gani. Kaniangalia kwa mshangao wa kweli, wallahi. Kasema, "Nlidhani kila nyumba ina haki yake."

Kumbe ndivyo anavyoishi. Akileta kanga hapa, amepeleka kanga kule. Sukari ratili huku, ratili kule. Siku zetu kazigawa kama anavyojua dini inavyotaka, ila mie mwenzake sikuambiwa kuwa nagawiwa. Na serikali ilipokuja na kura, akaigawa nayo.

Nikacheka. Nilicheka mpaka akaogopa. Kisha nikalia, na yeye akakaa kwenye mkeka, mikono yake yenye chokaa juu ya magoti, hajui aiweke wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Hatusemezani. Nimeshona mashati mawili.

Jumapili, 16 Juni

Mwanakheri alikuwa anajua. Soko zima la samaki linajua. Leo kaja na sahani ya vitumbua, hakutania. Afadhali angetania.

Jumamosi, 22 Juni

Barua haijaandikwa, mwezi unakwisha. Nikamwambia Haji achague. Kasema hawezi. Akisema Mlandege atakuwa amemdhulumu yule, akisema Fumba atakuwa amenidhulumu mie. Kasema bora jina libaki limekatwa. Kisha kanisogezea kalamu. "Andika wewe, Zuwena. Utakavyoandika ntatia sahihi."

Niliishika kalamu muda mrefu. Nilitaka kuandika Mlandege. Nilitaka sana. Nyumba yangu, meza yangu, mtu wangu. Yule binti Vuai asome mwenyewe ukutani kama anajua kusoma.

Lakini Vuga wanauliza mtu anakaa wapi. Nimehesabu. Siku tatu hapa, siku nne kule, Jumatatu hadi Alhamisi. Nimewasumbua watu wa Vuga wiki tatu nikidai kweli, siwezi mie tena kuwapelekea uongo kwa mwandiko wangu.

Nikaandika Fumba.

Haji kasoma polepole, kidole juu ya kila neno, kama nilivyomfundisha. Kasoma mara mbili. Kisha katia sahihi, akatoka nje, akakaa barazani bila kofia.

Jumatatu, 24 Juni

Nassor kapokea barua. Kasoma mpaka mwisho. Kaniletea kiti. Safari hii nikakaa.

Jumatatu, 22 Julai

Leo ndiyo kura. Jina limerudishwa, Haji katoka asubuhi kwenda kupiga yake Fumba, kanzu nimempigia pasi mie. Wanaume wa Mlandege walipita kwa makundi na kofia mpya. Mwanakheri na mie tulikaa mlangoni tukawatazama mpaka jua likawa kali.

Nimemaliza kola mbili. Zimekaa sawa.

Leo ni Jumatatu, si zamu yangu. Nimechemsha ndizi mbili, nimekula, nimeosha sahani.