Jiwe Mbele ya Miguu

Karibu na Moshi, 10 Februari 1916

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kulala juu ya mawe. Mama hajambo? Dada Raheli najua hajambo, maana ndiye anayekusomea haya.

Wajerumani wamenitenga na askari wenzangu kwa sababu ya shabaha yangu. Tangu alfajiri nakaa mwambani peke yangu, namngoja mtu mmoja ainue kichwa nimpige risasi. Hakuna wa kusema naye. Hata kwenye dungu la kulindia mtama ulikuwa unakuja kunikaripia nikiua ndege kwa kombeo: "Nimekutuma kufukuza, sikukutuma kuua. Piga jiwe karibu naye, ataelewa." Huku hawataki kufukuza.

Baba, nasikia huko wananyang'anya watu ng'ombe ili kulisha askari. Wapeleke wetu Busi, kule Kondoa, kwa rafiki yako mzee Bashiri. Vita haitafika kule. Barua hii anaileta mwenzangu Sila, anarudi nyumbani na mguu mbovu.

Mwanao,
Yotham

*

Makutupora, 2 Aprili 1916

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, njaa tu inatuchungulia. Mama yako bado anakutengea ugali kila jioni, kisha anamlazimisha Raheli aumalize.

Wachukua ng'ombe walikuja. Walikuta mbuzi watatu na mimi nakohoa. Walipoondoka kikohozi kikapona. Ng'ombe wako Busi, na kesho nakwenda kuwachunga mwenyewe, Bashiri macho yamemwisha. Anayeongoza ni yule fahali mwekundu, na ile kengele yake iliyopasuka, inayolia kama sufuria bovu. Ulinishauri vema.

Baba yako

Kaka, mimi Raheli naongeza: baba hakusema, lakini kombeo lako amelitundika juu ya kitanda chake.

*

Milimani, karibu na Kondoa, 3 Juni 1916

Baba,

Shikamoo. Sijui kama kuna wa kuitikia.

Ni mimi niliyesema vita haitafika Busi. Waingereza wameshika Kondoa, sisi tuko juu ya milima tunawatazama. Amri ni kwamba mtu yeyote anayeleta ng'ombe kwenye kisima kilicho chini ya kambi yao, apigwe risasi.

Jana alikuja mzee. Kwa umbali ule sura haionekani. Lakini alikuwa ameweka fimbo mabegani na kuning'iniza mikono juu yake, kama wewe, na mbele yake ikasikika kengele iliyopasuka.

Nikalenga jiwe mbele ya miguu yake, nikapiga. Nikapiga tena. Mara ya tatu, bwana Mjerumani aliyekuwa nyuma yangu na darubini akatambua kuwa nakosa kusudi. Wakanilaza chini wanichape viboko hamsa ishirini, na bunduki akapewa Hassani, ambaye hakosi. Nikiwa chini nikamsikia anapiga, mara moja tu. Kengele ikanyamaza.

Sasa nabeba masanduku ya risasi. Hassani simwulizi, naogopa jibu lake. Baba, niambie hukuwepo. Mstari mmoja unatosha. Nampa barua mwanamke anayeteremka Busi.

Mwanao,
Yotham

*

Makutupora, 9 Agosti 1916

Mwanangu Yotham,

Marahaba. Marahaba tena. Shikamoo yako imenikuta hai.

Nilikuwepo. Risasi ya kwanza nikamtukana aliyepiga. Ya pili nikasimama. Ya tatu ikaja palepale, nikajua huyo hakosi, ananifukuza, na kwamba nilimfundisha mwenyewe. Nikajitupa nyuma ya yule fahali mwekundu. Iliyofuata ilimpata yeye shingoni, akafa kwa niaba yangu. Nilirudi nyumbani na kengele yake.

Barua yako imetufikia juzi. Wajerumani wamekwisha kuondoka Dodoma, Waingereza wanalinda stesheni. Raheli ameuliza kila mtu: ninyi wapagazi mmepelekwa kusini, na hakuna aendaye huko. Mchuuzi mmoja wa chumvi alikubali kujaribu, akaichukua barua hii asubuhi. Jioni ameirudisha, njia imefungwa, nami nimemwambia Raheli aongeze haya.

Basi itakaa hapa, juu ya kitanda changu, pamoja na kombeo. Mama yako bado anatenga ugali. Mimi nakaa mlangoni na maneno ambayo wewe ndiye unayeyahitaji, na sina wa kumpa. Nayasema hivyo hivyo.

Hukuniua, mwanangu.

Baba yako