Damu Yangu Imesahau Homa ya Nyumbani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini kaka Ramadhani anakusomea haya ukiwa mzima, na ule mguu umepunguza kuuma tangu ulipokwenda hospitali ya Tumbi kutibiwa. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Baridi ya Uingereza nimeizoea, ila bado navaa soksi mbili mbili.

Uliniuliza ni kitu gani hiki ninachosoma kisichokwisha. Mama, nasoma jinsi mwili unavyojikinga na malaria. Unakumbuka mimi na mdogo wangu Hamisi tulivyolazwa mkeka mmoja kwa homa ile ile, mimi nikapona, yeye tukamzika. Swali langu linatoka pale. Kwa nini mtu mzima wa kwetu Mlandizi hushikwa na homa leo, keshokutwa yuko shambani anapalilia, na mtoto mdogo tunampoteza?

Kwa muda mrefu kazi ilinikatalia. Tunafuga vijidudu vya malaria kwenye vichupa, tuone damu ya nani itavizuia visizaliane. Vyangu vilikuwa vinakufa vyenyewe kabla sijapima chochote. Nililia mle mle maabara, nikajifuta, nikaanza upya. Mwezi uliopita vikakubali kuishi.

Profesa wangu, mzee mpole asiye na maneno mengi, alikuwa amehifadhi kwenye barafu damu niliyotolewa nilipofika tu huku. Nikailinganisha na niliyotoa juzi. Ile ya zamani ilivizuia vijidudu. Hii ya sasa iliviacha vikajaa kichupa kizima.

Nilifurahi, maana ndilo jibu nililokuwa nalitafuta: kinga ile tunaipata kwa kuumwa mara kwa mara, na mtu akikaa mbali na malaria inapungua. Lakini nilisikia uchungu pia. Nilijiona kama nimepoteza kitu nilichopewa na nyumbani bila kujua.

Profesa alinitaka nibaki, akasema kazi ipo. Nikamjibu kwamba watoto ninaowafikiria hawako huku. Akayatazama tena matokeo yangu, kisha akasema, "Basi ukifika kwenu unywe dawa kama mgeni. Mwili wako haukijui tena kijiji chenu."

Kwa hiyo narudi, mama, masika yakiisha. Nimepata kazi ya kufundisha wanafunzi wa udaktari Dar es Salaam, na mwenyekiti wa kijiji akiridhia, nitakuja kuwapima watoto wa hapo kwetu. Nina furaha ambayo sijawa nayo tangu niondoke.

Nisalimie Ramadhani na mkewe, shangazi wa Kisarawe anayeuza nazi, na mwalimu aliyenifundisha kushika kalamu. Bibi mwambie nampenda. Najua atacheka akisikia kwamba msomi wa malaria sasa anaogopa mbu kuliko yeye. Acha acheke, lakini naomba unitafutie chandarua kisicho na matundu, ukitundike kitandani kwangu kabla sijafika.

Mwanao akuombeaye afya,
Zuhura