Mawese kwenye Majoho ya Kwaya

Mpendwa mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wakisikia habari ya ugonjwa wa kuambukiza ni kujihesabu kuwa mmoja. "Mmoja tu atadhuru nini?" Ndivyo ulivyoniambia juzi kwenye simu, nilipouliza kama mjukuu wangu amepata chanjo ya pili ya surua. Ulisema siku ya kliniki ilikukuta shambani unavuna maharage, ukaiacha ipite. Tena watoto wa wenzako hapo Kagerankanda karibu wote wamechanjwa. Kisha, kabla ya kuaga, ukataja kama jambo dogo kwamba kwa jirani kuna mtoto mwenye homa, macho mekundu na vipele.

Tangu hapo nakukumbuka ulivyokuwa darasa la tatu kule Busunzu, Jumapili ile ya mawese.

Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa ameunga maharage kwa mawese. Ukachovya mkono sufuriani, ukajipangusa juujuu kwa jani la mgomba, ukakimbilia kanisani. Kwaya ilikuwa imesimama nje na majoho mapya, meupe. Unawajua watu wetu: hatupungiani mikono kwa mbali. Mtu hushikwa mikono yote miwili, kisha viwiko, na salamu yetu ya "mwakeye" hurudiwa mpaka habari za mbuzi nazo ziishe. Ukawasalimu akina mama wa mstari wa mbele, nao wakasalimiana na wenzao. Ibada ilipoanza, kwaya ilikuwa na madoa mekundu, na doa jingine lilikuwa kwenye joho la mchungaji, aliyefika mwisho.

"Baba, mchungaji sijamgusa!" ulilia.

"Umemgusa kwa mikono ya wengine," nikakwambia, kicheko kikinishinda.

Mama yako hakucheka. "Mwalimu, mwanao kapaka kanisa zima, wewe unauliza nani kamsalimu nani?"

"Nafuatilia mnyororo, mama watoto."

"Haya. Ukiupata, uufue."

Tukaufuata mimi na wewe nyuma ya kanisa, ukichora kwa kijiti: duara kwa kila mtu, mstari kwa kila salamu. Hapo ukaona jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona. Bibi mmoja alisikia baridi, akajitanda kitenge juu ya joho na kuficha mikono ndani, akawa anasalimu kwa mdomo tu. Joho lake lilibaki jeupe. Wanakwaya wawili waliosimama upande wake, ambao walisalimiana na yeye peke yake, nao walibaki weupe. "Kwa bibi mstari umekatika," ukasema. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na sijasikia mtu akieleza kinga vizuri kuliko hivyo.

Wanaochunguza magonjwa kwa hesabu hawaishii kuuliza wagonjwa ni wangapi. Huuliza: mgonjwa mmoja anawapa wangapi? Akiwapa wawili, na kila mmoja wao akawapa wawili, wanakuwa wanne, halafu wanane, halafu kumi na sita. Kwa wastani wakiwa chini ya mmoja, ugonjwa hufifia wenyewe. Surua inayashinda mawese, kwa kuwa haihitaji kushikana; inapita hewani. Tuseme, ili hesabu iwe nyepesi, mgonjwa anaweza kuwapa watoto kumi wasio na kinga. Watano wakiwa na kinga, atawapa watano. Tisa wakiwa nayo, anabaki mmoja, nawe utasema tumeshinda. Bado. Huyo mmoja atampa mmoja, naye mmoja mwingine. Ugonjwa hautakua, lakini hautakufa. Utatembea kijiji hadi kijiji, ukipitia kwa watoto ambao wazazi wao walisema "mmoja tu". Na kwa mtoto aliyelala na homa hakuna wastani. Yeye haugui nusu wala robo; anaugua mzima.

Nyumba hii ya Kibondo imekuwa kimya tangu mama yako aondoke. Namkumbuka akifua majoho yale huku akiimba nyimbo za kwaya kwa hasira, na madoa hayakutoka sawasawa. Yakavaliwa hivyo hivyo mpaka yakachakaa. Mwanao akija huku hunishika kidole, akiniuliza jina la kila kitu, hata la kivuli changu. Nataka aendelee kuuliza. Naogopa, mwanangu, na sitaki kuificha hofu yangu nyuma ya tarakimu.

Najua njia ya zahanati ni ndefu, na maharage yaliyokauka hupasuka yakiachwa shambani. Yatakayopasuka, yapasuke. Nimeiandika barua hii wazi ili na wazazi wenzako waisome, lakini jibu ninalolingojea ni lako. Nisalimie baba mtoto, na Mungu awalinde nyote.

Chukua kadi ya kliniki, mbebe mtoto, mpeleke leo akachanjwe.

Ni mimi,
Baba yako