Waliponiita Mama Chiriku

Karakana ya Mageti,
Nyuma ya Ghala la Mbao.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Shemeji,

Nakusalimu kwa mikono yenye masizi. Hujambo wewe, hawajambo watoto, na mgongo wa mumeo umekaaje? Mama yangu aliniambia bado anainama kwa shida. Mwambie aache kubeba mitungi ya gesi kama kijana anayetafuta mchumba. Sisi huku tunapumua, na anayepumua hana haki ya kulalamika sana.

Nakuandikia mchana huu kwa sababu umeme umekatika, na fundi wa kuchomelea bila umeme ni mtu mwenye miwani nyeusi tu. Hata hivyo sijatulia. Nimekaa, nimesimama, nimechungulia mlangoni, nimerudi. Ndivyo nilivyo siku hizi, kiguu na njia. Usishangae barua ikiruka huku na huku.

Barua yako niliipata. Pale uliposema nikuletee Chiriku umlee mpaka afike umri wa shule, nilipasoma nikaikunja, kisha nikaifungua tena. Nilichelewa kukujibu. Wakati ule mtoto alikuwa ananiishia mikononi.

Hayo sikukuambia kwenye simu. Unajua tulimwita Chiriku kwa kelele zake. Basi alinyamaza. Tangu aachishwe titi kwa lazima, maziwa ya ng'ombe yalimharisha, uji aliutema, na nguo zikaanza kumpwaya badala ya kumbana. Mtoto ndiye anayetakiwa kuzikimbia nguo zake, Shemeji, si nguo kumkimbia mtoto.

Mama Sindano, fundi cherehani wa chumba cha pili ambaye humshika ninapokuwa kazini, ndiye aliyesikia habari za mpango wa serikali wa lishe ya mama na mtoto. Unajiandikisha zahanati, wanampima mtoto, akionekana amepungua mnapewa unga wa lishe na maziwa maalumu mpaka akae sawa. Nikafunga karakana, nikaenda.

Ukumbi mzima ni wanawake. Mimi na ovaroli langu lililotobolewa na cheche, mtoto begani. Karani hakuinua hata uso.

"Mama wa mtoto yuko wapi?"

Nikasema, "Hayupo."

"Akirudi, mwambie aje mwenyewe. Anayeandikishwa ni mama na mtoto."

Shemeji, neno lilikuwa pale mdomoni, likakataa kutoka. Nikasema "sawa," nikageuka na mtoto wangu vilevile nilivyokwenda naye. Huenda hutaamini, lakini tangu tumzike mdogo wako nilikuwa sijalitamka neno lile. Msibani mlisema nyinyi. Wateja walikuwa wanajua. Mimi nilisema "hayupo," na watu wakanielewa.

Mama Sindano aliposikia nimerudi mikono mitupu, kidogo anizabe kofi. "Basi mama yake nitakuwa mimi," akasema. "Nani atanipima umri?" Nilicheka, halafu nikakubali. Nilikuwa nimefika pa kukubali lolote.

Safari hiyo tulipokewa vizuri. Muuguzi akamvua Chiriku nguo, akamweka kwenye mizani, akamzungushia mkononi utepe wao wa rangi. Kijani ni mzima, nyekundu ni hatari. Wake ulisimama kwenye manjano, karibu kabisa na wekundu. Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka chumbani mpaka muuguzi akaniambia namtia kizunguzungu.

Kisha akamgeukia Mama Sindano. "Mbona uliacha kumnyonyesha mapema hivi, mama?"

Mama Sindano akajibu bila kupepesa, "Maziwa yalinikauka tu, binti yangu."

Hapo nikaacha kuzunguka. Mdogo wako maziwa hayakumkauka. Alimnyonyesha mtoto huyu hata siku ile anapelekwa hospitali, kalala ubavu, anahema. Unakumbuka. Nikasikia sauti yangu ikitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Si yeye. Mama yake amefariki."

Mama Sindano akatazama kandambili zake. Nilijua tumekwisha, tutafukuzwa kwa uongo wetu na pengine tushtakiwe. Muuguzi akaweka utepe mezani.

"Ungesema siku ya kwanza," akasema taratibu. "Mtoto aliyefiwa na mama, mlezi wake tunamwandikisha. Hata akiwa baba."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha kifo chenyewe, na nusura kiniumbue mara ya pili. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, mwanamume mzima, Mama Sindano akinipigapiga mgongoni na kuniomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake peke yake.

Wakataka cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa. Nikapeleka. Halafu tukaambiwa tusubiri, na kusubiri huko ndiko kulikonimaliza. Geti la mteja nililifunga bawaba kulia badala ya kushoto, akaniuliza kama sasa inambidi aigeuze nyumba.

Wiki iliyopita ndipo walipotuita kuchukua chakula. Tangu Mama Sindano alitaje jina la Chiriku mle ndani, zahanati nzima inamwita hivyo. Karani akatoka mlangoni, na kwa mazoea ya kazi yake akaita, "Mama Chiriku!" Wanawake wakaangaliana, wakitafuta ni nani. Nikasimama.

"Nipo."

Walicheka, Shemeji, mpaka mmoja akajifuta machozi kwa kanga, nami nikacheka nao. Kisha wakanisogezea nafasi kwenye benchi, na yule wa machozi akanifundisha kukoroga unga usifanye madonge: maji ya baridi kwanza, kidogo kidogo, ndipo uubandike jikoni.

Anakula. Sikudanganyi kwamba amenona. Utepe bado uko kwenye manjano, na Ijumaa anapimwa tena, ndiyo maana roho yangu iko juu juu. Lakini jana alimfokea Mama Sindano kwa kumcheleweshea kijiko.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Najua hukuniandikia kwa kunidharau. Ulimpenda mdogo wako, na kwa huyu unamwona yeye. Lakini simtoi, Shemeji. Nimeshaitika mbele za watu. Njoo umwone, ukae upendavyo, hata ukiusimanga upishi wangu nitavumilia. Ila tiketi ya kurudi, kata ya mtu mmoja.

Nisalimie mwanyumba wangu, mumeo, na wanao wote, hasa kitindamimba wako. Mama anakusalimu, na Mama Sindano, ambaye hamjaonana, anasema akuone kabla hajazeeka. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na awajalie riziki isiyo na mashaka.

Ni mimi nikupendaye kwa dhati,
Shemeji yako,
Fundi