Baba Alichagua Bwawa

Nyumbani, ng'ambo ya mto
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko ugenini? Kifua kimepona, au baridi bado inakutesa? Sisi ni wazima wa mwili. Baba anakula kwa kubembelezwa. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Wale wataalamu wa bonde la mto walikuja mwanzoni mwa mwaka. Siku tatu tulikaa kwenye ukumbi wa shule: wakulima, wafugaji, wafyatua matofali, na watu wa kule chini ya mto ambako mabomba yamekauka. Walitutaka tubuni wenyewe mto utakuwaje miaka thelathini ijayo. Tukachora picha nne ukutani: mto ukiachwa hivi hivi, msitu ukirudishwa, mashamba makubwa yakija, na bwawa likijengwa. Kila mtu akapewa kibandiko kimoja, akibandike kwenye picha anayoichagua.

Kwenye picha ya bwawa, upande wetu wote ulikuwa wa bluu, chini ya maji. Nyumba, shamba, na kaburi la Mama.

Nilijua Baba ataipinga. Aliyesoma kipimo cha maji kila asubuhi miaka thelathini na moja, nani angembishia? Akasimama, akafungua daftari lake, akasoma vipimo vya kiangazi mwaka hadi mwaka, vikishuka tu.

"Mto huu unakufa," akasema. "Tukishindwa kuhifadhi maji ya masika, wenzetu wa chini watahama wote."

Akaenda kubandika kwenye bwawa. Jirani yetu seremala akaropoka, "Mzee, na mkeo je?" Baba akatoka nje.

Mdogo wangu, nilimkasirikia. Tulipofika nyumbani nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba amemzika Mama mara ya pili. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Yule mama wa kule chini uliyekaa naye ukumbini," akasema, "anatembea saa tatu kutafuta ndoo moja ya maji. Ningemtazamaje?"

Nimemwomba radhi, kanisamehe, lakini neno likishatoka halirudi.

Bwawa ndilo lililopata vibandiko vingi, na mwezi uliopita limepitishwa. Wapimaji wameshapigilia vigingi hadi mlangoni kwetu. Kaburi linatakiwa lihamishwe kabla ya masika yajayo, na fomu inataka sahihi ya mume na watoto wote. Baba hajatia yake. Anasema kibandiko alikiweza, karatasi hii mkono unakataa. Jana nilimkuta kaburini, anasema taratibu, "Mama Watoto, nisamehe, sikukuuliza." Nikarudi nyuma asinione.

Shangazi anakusalimu sana, na mapacha wake wanauliza binamu yao anakuja lini. Seremala naye anakusalimu; ametengeneza sanduku jipya la Mama, na amekataa malipo.

Mimi nimeshatia sahihi. Yako usiitume kwa posta. Njoo uiandike hapa, ukiwa umekaa karibu na Baba, kwa sababu siku ya kuhamisha kaburi kuna Mama wa kubebwa na Baba wa kushikiliwa, nami nina mikono miwili tu.

Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Wako akupendaye,
Dada yako