Mgeni wa Nyumba ya Juu

Shemeji yangu,

Salamu kwako na kwa wote wanaolala chini ya paa lako. Mimi nipo. Goti la kulia linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi, ila mengine yanakwenda. Presha yako imeshuka? Na yule mjukuu wako mtundu, meno ya mbele yameota au bado anacheka na ufizi? Nijibu. Usinyamaze kama mwaka uliopita.

Najua unashangaa mimi kuandika. Kwenye simu nitaanza, utanikatiza, tutagombana, salio litaisha. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Tena yale maneno tuliyorushiana siku ya mazishi ya mdogo wako, mke wangu, bado yapo kati yetu. Nitayafikia. Kaa, usome mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni ya mwanao, binti aliyetuachia mdogo wako. Unajua alipewa kazi na bosi wangu, mwenye hizi nyumba za kupangisha wageni wa likizo. Mimi bado ni mtu wa sulubu: nabeba magodoro, napaka rangi, nazibua mifereji. Yeye kazi yake ni tovuti. Yaani ule ukurasa wa kwenye simu, mtu anaangalia picha za nyumba, anachagua siku, analipia, basi. Haji mtu kuulizia getini. Wanakuja na mizigo tayari.

Mwaka jana, kabla hajaichukua yeye, tovuti ilianguka. Siku ya kufungua nafasi za likizo watu waliingia wote kwa mpigo, ikachanganyikiwa, nyumba moja ikapewa watu wawili. Mimi ndiye niliyekutana na matokeo mlangoni. Familia mbili, mlango mmoja, kila mmoja ana ujumbe kwenye simu kwamba nyumba ni yake. Baba mmoja alishika godoro huku, mwenzake akashika kule. Bibi mmoja akakaa juu ya sanduku lake akalia kama mtoto. Nilitukanwa siku ile matusi nisiyoyajua, na unanifahamu, mengi nayajua.

Bosi akamwambia mwanao bila kumung'unya maneno. Safari hii kosa likitokea, hata moja, anaifunga hiyo tovuti, anarudi kwenye daftari na simu ya mezani, na yeye akatafute kazi kwingine. Mtoto akasema sawa. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Wiki chache kabla ya kufungua, akanipigia. Akasema Jumamosi analeta wageni elfu kumi kuijaribu tovuti, nimfungulie chumba cha pasi. Shemeji, nilifagia uwanja wote. Nikaazima mabenchi shule ya jirani. Nikampigia tena kumuuliza wale watu elfu kumi watajisaidia wapi, maana vyoo vya nje ni viwili. Alicheka mpaka simu ikamponyoka. Akasema baba, hawa hawana matumbo wala miguu, ni wageni wa kubuni. Kompyuta inawatengeneza, wanaingia kwenye tovuti kama watu, wanagonga, wanasukumana, ili aone patakapobomoka kabla watu wa kweli hawajaja. Nikayarudisha mabenchi. Mlinzi wa shule mpaka leo ananiita Baba Elfu Kumi.

Chumba cha pasi unakijua. Ndimo mdogo wako alimopigia pasi mashuka ya nyumba hizi mpaka alipougua. Meza ni ileile. Alama ya pasi iliyoungua ipo palepale kwenye kona. Mwanao akaiweka kompyuta juu ya ile alama. Sijui kama alikusudia.

Nikageuza ndoo, nikakaa, nikatazama. Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja umelala chini. Akabonyeza. Mstari ukaanza kupanda. Akasema kila unavyopanda, watu wanaongezeka. Nikasubiri kusikia kitu. Umati nimeuona, shemeji. Uwanjani nimekaa. Umati una sauti, una vumbi, una kwapa. Huu ulikuwa ndani ya kitu kisichozidi kibao cha kukatia vitunguu, na mimi nasikia nzi dirishani. Nikajikuta navua kofia.

Kisha ikaanguka. Hakuna mlio, hakuna moshi. Kioo kikawa cheupe tu. Nikajua basi, kazi imekwisha. Yeye akasema safi sana, akachukua kalamu. Nikadhani mtoto kachanganyikiwa. Akanieleza kwamba ndicho alichokuja kutafuta. Picha za nyumba zilikuwa nzito mno. Kila anayefungua ukurasa anabebeshwa zote, na wakiwa maelfu, mlango unaziba. Akazipunguza uzito. Mimi naziona ni zilezile. Halafu akaweka foleni: watu wakizidi, wa nyuma wanaambiwa wangoje zamu yao. Na mtu akishika nyumba, nyumba inajifunga mpaka alipe au aiache, mwingine haigusi. Basi, hayo tu. Hayo tu yangemwokoa yule bibi wa juu ya sanduku.

Akawaita wale wageni tena. Wageni wa kubuni lazima wawe na majina, naye alikuwa ameweka majina ya ukoo. Mimi nilikuwemo. Wewe ulikuwemo mara nyingi, na kila mara ulikuta nyumba zimekwisha. Nikamwambia hata kompyuta imekujua, hujawahi kuwahi popote. Tukacheka. Halafu nikaona jina la mdogo wako. Majina yote matatu. Likasimama kwenye foleni, likasogea, likaingia, likapata nyumba ya juu, ile yenye baraza pana. Nikatoka kwenda kuangalia mfereji ambao haukuwa umeziba.

Mwanao akanifuata nje. Akasema akimaliza atawafuta wote, ni lazima, wakibaki watachukua nafasi za watu wa kweli. Nikamwambia fanya kazi yako.

Siku ya kufungua nafasi ikafika. Asubuhi tulijazana kwenye chumba cha pasi: bosi, meneja mpya ambaye mimi namwita Bi Funguo kwa sababu unamsikia kabla hujamwona, mwanao kwenye kompyuta, na mimi na ufagio, nisionekane sina kazi. Saa mbili kamili mlango wa tovuti ukafunguliwa. Mstari haukupanda kama siku ya majaribio. Ulisimama wima kama ukuta. Bosi akaanza kutaja jina la Mungu. Bi Funguo akaacha kuchezea funguo. Mwanao mkono mmoja kwenye kompyuta, mwingine kwenye simu yake, nikataka kumgombeza kwamba huu si wakati wa kuchati.

Foleni ikashika. Watu wa kweli safari hii, shemeji, watu wana watoto na hasira, na walisimama wakangoja zamu zao. Sijui walikuwa wapi. Wengine kitandani, wengine chooni, wengine miji ambayo sitaifikia. Wote wamepanga mstari kwenye meza ya mdogo wako, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Nyumba zikawa zinajaa moja moja. Chai ya bosi haijapoa, zimekwisha. Bosi akampa mwanao mkono. Halafu akanipa na mimi, akasema hongera kwa kuzaa. Nikafagia.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Bado.

Siku ya kwanza ya likizo, asubuhi, Bi Funguo akanitajia wageni kwa mdomo huku tunatembea, maana anajua macho yangu hayaoni maandishi madogo. Nyumba ya getini, familia ya watu watano, wanataka kitanda cha mtoto. Nyumba ya kati, wazee wawili, wasipandishwe ngazi. Nyumba ya juu, mgeni mmoja tu, mwanamke, usiku mmoja. Akataja jina.

Majina yote matatu.

Bi Funguo ni mgeni hapa kazini, hakuwahi kumjua marehemu. Alilitaja kama unavyotaja jina la mtu yeyote anayekuja na begi. Nikaona mambo yote kwa mpigo: mtoto amewafuta wote, mama yake amemsahau mle ndani. Nyumba bora kuliko zote, siku yenye watu wengi kuliko zote, imekodishwa kwa marehemu. Bosi akijua, kazi ya mwanao imekwenda. Nikamwambia Bi Funguo sawa, nyumba itakuwa tayari.

Nikaiandaa. Nilitandika kitanda kama alivyokuwa anatandika yeye, pembe zimekunjwa kama bahasha. Nikafungua madirisha. Nikaweka taulo. Najua ilikuwa upuuzi.

Wageni wakaja. Kila mtu na mlango wake, hakuna kelele, hakuna godoro la kugombaniwa. Alasiri likaja gari moja la watu ambao hawakuweka nafasi, mume, mke na mtoto amelala begani. Bi Funguo akaitazama nyumba ya juu. Akasema mgeni wa kule hajatokea wala simu hajapiga, labda awape hawa, ampigie bosi aruhusu. Nikasimama mbele yake. Nikamwambia asiiguse, mgeni huyo namfahamu. Akaniuliza namfahamu vipi. Nikasema namfahamu sana. Hapo sikusema uongo. Akawaelekeza wale watu nyumba za wageni za barabara kuu, ila akaniambia jua likizama mtu hajaja, atampigia bosi.

Nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikampigia mwanao. Nilimfokea. Nikamwambia umemwacha mama yako ndani ya kompyuta, sasa mtoe kabla hatujaaibika. Akasema baba, wale wa kubuni niliwafuta siku ileile, hakubaki hata mmoja. Huyo si wa kubuni. Nimemlipia.

Akanieleza. Asubuhi ile ya kufungua, simu iliyokuwa mkononi mwake haikuwa ya kuchati. Alipanga foleni kama watu wengine. Hakujipitisha mlango wa nyuma, na funguo za mlango wa nyuma anazo yeye. Akangoja zamu, akaipata. Angekosa, angejaribu mwakani.

Nikamuuliza kwa nini. Ndipo akanirudishia maneno yako, shemeji. Siku ya mazishi alikuwa nyuma ya pazia, alitusikia. Ulisema mdogo wako amefua mashuka ya nyumba ile mpaka mikono ikachubuka, na hakuwahi kulaza ubavu juu yake hata usiku mmoja. Nami nikakujibu kwamba kazi ni kazi, aliyekufa kwa kufua nani. Ndiyo yale. Mwanao akasema nyumba nimeiweka kwa jina lake kwa sababu usiku huu ni wake, wewe ni mgeni wake, nenda kalale. Alinificha kwa kuwa angeniambia mapema ningekataa. Kweli ningekataa. Nikamwambia ni ufujaji, aighairi. Akasema ukighairi siku ileile pesa hairudi, sheria hiyo kaiandika mwenyewe.

Mtoto wa nani huyu? Wa mdogo wako kabisa.

Nikarudi kwa Bi Funguo nikamwambia mgeni wa nyumba ya juu ni mke wangu, hatakuja, nimekuja mimi. Akachomoa ufunguo, ule ambao mimi nimeubeba miaka na miaka, akanipa kwa mikono miwili, akasema karibu sana.

Nililala, shemeji. Upande wangu tu. Wa kwake sikuugusa.

Ila ninalotaka ulijue ni la asubuhi. Nilitoa mashuka. Dobi mpya akaja kuyachukua, nikamkatalia. Mashine ipo siku hizi, sikuitaka. Nikaenda nyuma, kwenye karo la saruji la mdogo wako, nikayaloweka, nikayafikicha, halafu nikaliinua moja nilikamue.

Shuka la kitanda kile likilowa ni zito. Lilinivuta mabega yote mawili. Mimi, mtu wa magodoro. Nikalirudisha majini nikapumzika, halafu nikaliinua tena. Na hilo ni moja. Siku wageni wakiondoka yanakuwa rundo la kunifika kifuani. Miaka yote ile nilikuwa napita pale na godoro kichwani, namwambia nipishe mama, mwenye mzigo apite. Naye anasogea, ananipisha, na mikononi ameshika hilo.

Sikujua, shemeji. Nililala naye nyumba moja na sikujua. Wewe ulijua.

Nimeyaanika mwenyewe. Yalichukua siku nzima kukauka.

Wasalimie wote, na huyo asiye na meno mbusu shavuni kwa niaba yangu. Mwanao anasema mwakani nafasi zikifunguliwa atakufundisha kupanga foleni, uje ulale nyumba ya juu na wewe. Mimi nitatandika. Uwahi tu, kwa mara moja katika maisha yako.

Ni mimi, mume wa mdogo wako,

Baba Elfu Kumi